Aliyeonja Matope ya Kilimambogo

Kabla ya kuonja supu yangu, Dereva alikuwa ameshaonja matope. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Thika waliomfahamu watakuambia alikuwa bingwa wa kufunga cheni za magurudumu, basi, wakanyamaza. Bingwa alikuwa kweli. Lakini mimi niliyempikia miaka minne katika safari za mawindo ndiye niliyekuwa nikikitazama kile kidole kikitoka kwenye tope, kikienda mdomoni, na baadaye kikiingia kwenye sufuria yangu.

Tulikuwa wafanyakazi wa Bwana mmoja wa Kizungu mwenye shamba la mkonge nje ya Thika, katika miaka ya hamsini, miaka ile ya vipande na vibali, ambapo Mwafrika hakusafiri bila karatasi ya serikali. Bwana alipenda kuwinda kuliko kulima. Kila alipopata mgeni kutoka Nairobi alimpakia kwenye pikapu pamoja na bunduki, hema na mimi, tukashika njia ya Kilimambogo kutafuta nyati na kongoni. Mbele walikaa Dereva, Bwana na mgeni. Nyuma nilikaa mimi na masufuria, juu ya sanduku la cheni. Dereva alizaliwa wapi sikujua, na sikuuliza. Nilichojua ni kwamba mtu huyu aliyeweza kuelewana na injini, na matope, na hata na nyati, alikuwa na neno moja la kumwambia mwanamke mmoja, na neno lenyewe lilimkaa kooni miaka mitatu.

Lakini tuanze na ulimi wake. Njia ile ilikuwa ya udongo mweusi, ule ambao ukikauka hupasuka na ukinyeshewa hunata mpaka kiatu kinabaki nyuma yako. Sehemu mbaya ilipoanza, Dereva alisimamisha gari, akashuka, akachovya kidole, akaonja. Alifumba macho. Alitema. Kisha akatoa hukumu. "Hii ni uji," alisema, na maana yake tungepita hivi hivi bila cheni. "Hii ni ugali," maana yake cheni mbili, magurudumu ya nyuma, na sote tushuke. Daraja la tatu lilikuwa mukimo, kama kile chakula cha viazi na mahindi vilivyopondwa, yaani matope yaliyopondeka pamoja na nyasi na mizizi, na hapo alizima injini, akavua kofia, akasema tungoje jua. Wageni walimcheka. Mimi sikumbuki alipokosea, isipokuwa mahali pamoja tu, na hapo hakukosea, alidanganya.

Jioni mtu huyo huyo alikuja jikoni kwangu, akachovya kidole, akafumba macho vilevile.

"Mpishi, hii supu haina chumvi."

"Ulimi wako una udongo tangu asubuhi," nilimwambia. "Utaijuaje chumvi?"

"Hata ule udongo ulikuwa na chumvi kushinda hii."

Hatukusemezana siku mbili. Ugomvi huo wa chumvi uliendelea miaka yote, na kwa upumbavu wangu nilimhesabu kuwa adui. Mtu mzima, mwenye wajukuu sasa, naona haya kuyaandika, lakini nilimnunia binadamu mwenzangu miaka minne kwa ajili ya supu.

"Cheni haivuti gari," alipenda kusema. "Cheni inashika chini. Kuvuta ni kazi ya injini." Alizitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Suruali yake ilishikiliwa na kamba ya mkonge, lakini kulabu za cheni ziling'aa. Tuliporudi safari alizisuuza kwa maji ya moto, maji yangu, niliyokuwa nimechemsha kwa chai ya Bwana. Alizipaka oili chafu ya injini, akazilaza kwenye sanduku lenye unga wa mbao. Ukimwuliza unga wa mbao wa nini, alikujibu kwamba hata wewe hulali kwenye ubao mtupu.

Wakati mmoja Bwana alimwambia awafundishe madereva wengine wa shamba. Darasa lenyewe likawa kituko. Aliwaita mmoja mmoja, akawafunga kitambaa machoni, akawaamuru wafunge cheni hivyo: utandaze juu ya gurudumu, gari lisogezwe nusu mzunguko, ushike kulabu ya ndani kwanza, halafu ya nje, halafu ukaze kwa mpira wa tyubu kuukuu. Saa hakuwa nayo, kwa hiyo alipima muda kwa wimbo wa kanisani wenye beti sita, ulioimbwa na wale waliokuwa wakingoja zamu. Asiyemaliza kabla ya ubeti wa nne alianza upya. Baada ya wiki mbili madereva hawakuwa wameongeza kasi ya kufunga hata kidogo, ila walikuwa wamejifunza kuimba polepole sana. Mke wa Bwana alipita hapo siku moja akadhani ni ibada, akasimama, akainamisha kichwa mpaka ubeti wa mwisho.

Usidhani alikuwa mwoga. Siku moja tulikwama karibu na mto, Bwana na mgeni wakaenda upande wa pili na bunduki zote. Dereva alikuwa amelala kando ya gurudumu, anashika kulabu ya ndani, nyati akatoka kichakani akasimama hatua chache, akitutazama. Mimi nilijikuta juu ya paa la gari, na mpaka leo sijui nilipandaje nikiwa na sufuria mkononi.

"Dereva," nikamwita kwa sauti ndogo, "kuna nyati."

"Mwambie angoje," alisema. "Nimebakisha hii ya nje."

Nyati alingoja. Alitazama kazi mpaka kulabu ya nje ikashika, halafu akaenda zake kama mtu aliyekuja kuuliza bei tu. Dereva alijipangusa mikono akaniuliza kwa nini nilikuwa juu ya gari la watu na viatu vichafu.

Basi mtu huyo ndiye aliyeshindwa na Mama Mwende.

Mama Mwende alikuwa mjane wa Kikamba, akiishi na mama yake mzee bondeni karibu na daraja la Athi, mahali pabaya kuliko pote katika njia ile. Alikuwa na maksai sita na mnyororo mrefu, na gari lolote lililozama pale lilitolewa na yeye. Alikuwa mrefu, sauti yake ya chini, na alikuwa amekwisha kumkataa shemeji aliyetaka kumrithi, kwa hiyo wanaume wa upande ule walimpisha njiani. Mara ya kwanza tulizama pale kwa haki kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Alikuja, akafunga mnyororo wake kwenye gari, akawasemesha maksai neno moja, tukatoka. Dereva alibaki amesimama kwenye tope na kofia mkononi, mpaka Bwana akampigia honi.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kwenda kinyume. Tukifika juu ya lile bonde, Dereva alionja tope ambalo hata mimi nililiona ni ugali mgumu, akasema, "Uji huu, tupite tu." Tukateremka bila cheni, tukazama mbele ya ua wa Mama Mwende. Na wakati wa kiangazi, vumbi limejaa mpaka magotini, alisimamisha gari kabla ya bonde, akafunga cheni mbili kwenye barabara kavu, tukateremka tukipiga kelele kama duka la vyombo lililoanguka. Akifika mbele ya ua ule ule, akasimama kuzifungua. Kuzifunga kulimchukua dakika kumi. Kuzifungua pale kulimchukua karibu saa nzima.

"Za nini cheni kwa vumbi?" mgeni mmoja aliuliza.

"Zikikaa sana zinasahau kazi, Bwana," Dereva alijibu.

Halafu kulikuwa na mavazi. Siku za jua alivaa ovaroli. Siku za mvua, siku ambazo mtu mwenye akili huvaa gunia, yeye alivaa shati jeupe, tai nyekundu, na viatu vilivyopakwa dawa. Wafanyakazi wa shamba walisema amerogwa. Mimi nilisema ni kiburi. Ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba alikuwa akivalia tope la mahali pamoja tu.

Mazungumzo yao niliyasikia yote, kwa kuwa nilikuwa nyuma na masufuria. Hayakubadilika.

"Maksai wako wazima?"

"Wazima."

"Yule mwekundu?"

"Mzima."

"Na yule wa pembe moja?"

"Naye mzima."

Alimwulizia kila maksai, mmoja mmoja, wote sita. Akifika wa sita gari limeshatoka, Bwana anapiga honi, na neno lenyewe halijasemwa. Mara moja alijitia ujasiri akamwambia mnyororo wake una kutu, akaomba aende nao Thika autengeneze. Aliuchukua, akaung'arisha wiki tatu, akaupaka oili, akaulaza kwenye unga wa mbao pamoja na cheni zake. Alipourudisha, Mama Mwende aliushika, akautazama pete kwa pete, akasema, "Ahsante, Dereva." Tulirudi Thika akiwa haongei, na nilipotazama kupitia kioo cha nyuma nilimwona anacheka peke yake.

Siku moja nilichoka. Tulikuwa tumepiga hema, Bwana amelala mchana, nikamwambia, "Si umwambie tu?"

"Kwetu mtu hajisemei," alisema. "Wazee ndio wanakwenda kusema. Wazee wangu serikali imewafungia kule kijijini, kibali cha kufika Ukambani hawapewi. Sasa nitamtuma nani?"

Alinitazama alipouliza hivyo. Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi ni mtu wa Majengo, Mwislamu, na nilikuwa nimekwisha kuwa mshenga mara tatu, na posa zote tatu zilikubaliwa. Hayo aliyajua, kwa kuwa nilijisifu nayo kila siku. Lakini asubuhi ile alikuwa amesema maharagwe yangu hayana chumvi.

"Tuma maksai," nilimjibu.

Alicheka kidogo, akainuka, akaenda kuangalia maji ya radieta. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa ameniomba, na kwamba nilikuwa nimemkatalia. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kisha wakaja watu wa barabara. Walipigilia vigingi bondeni pale, wakaleta marram, ule udongo mwekundu wa changarawe, kwa malori, wakairundika kando. Mvua zikiisha, walisema, itamwagwa kuanzia juu mpaka darajani, na gari halitazama tena pale. Bwana alifurahi sana. Dereva alishuka akalitazama rundo lile la marram, akaligusa kwa mguu, akarudi kwenye gari bila kuonja chochote.

Safari ya mwisho kabla ya marram ilikuwa na mgeni mmoja mnene aliyevaa viatu vya mjini. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na bado Dereva alikuja na ovaroli. Nikaona jambo haliko sawa. Tulipofika juu ya bonde alisimamisha gari, akatoa cheni, akazifunga upesi na vizuri, kimya kimya.

"Hukuonja," nikamwambia.

"Sina haja. Leo napita."

Nilielewa. Alikuwa amekata tamaa, akaona afadhali apite pale kwa heshima kuliko kuzama mara ya mwisho kisha aulizie maksai. Nilimhurumia mpaka nikasahau ugomvi wetu wote.

Tuliteremka vizuri. Cheni zilishika, gari likapanda tope kama linalopanda ngazi, na nusu ya bonde ikawa nyuma yetu. Mbele kabisa ya ua wa Mama Mwende pete moja ilikatika. Cheni ya kulia ikaanza kupiga bati, pa, pa, pa, kisha ikajizungusha kwenye ekseli, gurudumu likagoma, na gari likaketi chini. Lilizama mpaka milangoni. Ilikuwa mukimo, na alikuwa hajaonja.

Mama Mwende alikuja na maksai wake. Alilizunguka gari polepole. Aliinama akatazama gurudumu la nyuma, akaiona cheni. Akamtazama Dereva, akaiona ovaroli.

"Leo umefunga cheni," alisema.

"Ndiyo."

"Ulitaka kupita."

Dereva alijipangusa tope kwenye ovaroli.

"Basi pita," alisema Mama Mwende, akawageuza maksai.

Bwana alitoa kichwa dirishani. "Kwa nini yeye hapana vuta? Mpishi! Uliza yeye."

Nilimwuliza, kwa Kiswahili cha haraka ambacho Bwana hakuweza kukifuata. Alinijibu mimi, lakini macho yalikuwa kwa Dereva. "Mwambie mzungu wako mimi sivuti. Nimevuta hii gari miaka mitatu, na huyu ananiuliza tu habari ya ng'ombe. Kama ako na neno, aseme. Kama hana, akae hapo na cheni yake."

Tukamtazama Dereva sote. Mdomo wake ulifunguka. Niliona neno linakuja, nikaomba lije.

"Yule mwekundu..." alianza.

Sikuweza kuvumilia. Nilisimama juu ya sanduku la cheni, tope likinirukia, nikasema kama tunavyosema kwetu tukipeleka posa. "Mama Mwende, huyu mtu ana haja kwenu. Haja yake si ng'ombe. Haja yake ni wewe. Wazee wake hawana njia ya kufika hapa. Leo mimi ndiye mzee wake, na nimekuja kusema."

Maji yalikuwa yakiingia kwenye gari, nikamsikia mgeni akilalamika kuhusu viatu vyake.

"Neno kama hilo," alisema Mama Mwende, "kwetu linakuja na mbuzi watatu. Haliji mikono mitupu."

"Yeye nasema nini?" aliuliza Bwana.

Ningeweza kumweleza yote. Muda haukuwepo. "Anataka mbuzi watatu, Bwana."

"Mbuzi tatu! Kwa kuvuta gari?"

Mgeni alisema kitu kwa Kiingereza, kirefu na cha hasira, akimwonyesha Bwana miguu yake. Bwana akapandisha mikono. "Sawa! Mimi natoa tatu. Mimi nasema tatu, mbele ya watu wote. Vuta!"

Mama Mwende aliniuliza, "Anatoa yeye?"

"Anatoa yeye. Umemsikia."

Hapo akamgeukia Dereva, akamwuliza taratibu, "Na wewe umesikia?"

Dereva aliitikia kwa kichwa. Mama Mwende akafunga mnyororo, akawasemesha maksai, tukatoka kwenye tope lile tukiwa na harusi nusu, na wazungu wawili wasiojua walichoshiriki.

Bwana alikuwa mtu wa neno lake. Wiki iliyofuata alimtuma Dereva na pikapu kupeleka mbuzi watatu bondeni, akinung'unika kwamba Wakamba wamekuwa wezi. Hakujua kamwe kwamba alikuwa amemposea mfanyakazi wake mke. Mama mzee aliwapokea mbuzi bila kusema lolote, na kwao mbuzi wa posa wakipokelewa bado unaweza kuwaona wakirudi, hata baada ya miezi, na wakirudi basi umekataliwa. Dereva alirudi Thika akaanza kungoja. Kila mbuzi aliyelia barabarani alimtoa nje kwenda kutazama.

Mimi sikuuona mwisho wake. Mwezi ule ule niligombana na mke wa Bwana juu ya kuku aliyeungua, nikaacha kazi kabla sijafukuzwa. Nikahamia Ruiru, nikafungua hoteli ndogo ya chai na maandazi karibu na stesheni. Marram ilimwagwa bondeni, nikasikia. Habari za mbuzi hazikunifikia, na niliogopa kuuliza.

Ilikuwa Jumamosi, karibu miaka miwili baadaye. Garimoshi kutoka Thika lilikuwa limefika, watu wanateremka na mizigo yao, nami nakaanga maandazi. Nikawaona wanakuja kwa miguu, yeye na shati jeupe na tai nyekundu, jua likiwaka, hakuna tope popote, na Mama Mwende kando yake, tumbo limeshaonekana. Nyuma yao mbuzi mmoja alikuwa akivutwa kwa kamba, hataki.

Mbuzi. Nikalisahau lile tumbo, nikadhani wale wa posa wamerudishwa, na kwamba amekuja kunilaumu.

Nikawakaribisha. Mama Mwende aliketi, akakataa chai kwanza. "Tuna deni la desturi," alisema. "Yule mzungu alitoa mbuzi tu. Aliyesema ni wewe. Mzee aliyesema lazima ale nyama ya harusi, na huyu bwana yangu ameniambia huli kilichochinjwa na wengine. Ndiyo tumemleta akitembea."

Maandazi yangu yalianza kuungua, nikayaacha. Dereva alikuwa bado amesimama, kamba mkononi.

"Ile siku," aliniambia, "nilikuuliza nitamtuma nani."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nakuomba wewe."

"Najua," nilisema. "Ningekwenda. Nilikuwa mpumbavu. Ungerudia kuniuliza ningekwenda kwa miguu."

Alitazama chini. Aliinama kufungua kamba shingoni mwa yule mbuzi, akahangaika na fundo kwa muda, akasonya, akaanza tena. Mkewe aliinuka taratibu, akamwondoa mikono, akalifungua yeye. Nikaingia ndani kuchukua kisu.